Gunia la Keroka

Mwanamke auzaye mahindi katika soko la Keroka hutaja bei ya gorogoro au ya debe, na mnunuzi humwelewa pasipo kuuliza. Lakini debe halikuzaliwa kipimo. Lilikuja katika nchi zetu likiwa chombo cha bati cha kuchukulia mafuta ya taa, galani nne tumboni mwake, na wale waliolileta walihesabu kuwa kazi yake ingekwisha siku mafuta yatakapomiminwa. Watu wa Afrika Mashariki hawakukubaliana na hesabu hiyo. Walilitia mpini likawa ndoo. Walilipasua na kulinyoosha likawa ukuta na paa. Walilipimia nafaka likawa sheria ya soko. Gorogoro nalo, mdogo wake debe, ni mkebe wa mafuta ya kupikia uliokwisha mafuta.

Desturi hii haikuishia sokoni. Mpira wa gurudumu uliochakaa barabarani hukatwa ukawa akala, viatu ambavyo mwiba huviogopa. Mkebe, utambi na mafuta kidogo huwa koroboi, taa iliyowasomesha wazee wetu wengi. Hata obokano, kile kinanda kikubwa cha Abagusii chenye nyuzi nane, kilichopigwa zamani kwa nyuzi za kano za wanyama, siku hizi aghalabu hutiwa nailoni, wala wachezaji hawajaacha kuchezeka.

Nimeanza mbali hivi kwa makusudi. Wako watu wanaodhani kuwa vyombo vya zama hizi, yaani ruta, swichi za mtandao, modemu na jamaa zao, ni vya ukoo mwingine kabisa, na kwamba mtu wa kawaida hana ruhusa ya kuvifungua wala akili ya kuvipa kazi nyingine. Mimi nilikuwa na sababu ya kutaka kujua kama dhana hiyo ni kweli. Sababu yenyewe ilikuwa mdogo wangu, msichana wa kidato cha nne.

Mwezi wa Machi mwaka 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Mimi, niliyekuwa nikifundisha katika wilaya ya mbali, nilirudi nyumbani Nyamira. Yeye alirudi kutoka bweni na sanduku lake. Masomo yalisemekana kuendelea kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti. Redio tulikuwa nayo, televisheni hatukuwa nayo, na intaneti ilinunuliwa kwa bando. Bando la siku moja likinunuliwa, sukari ilingoja. Mtihani wa mwisho ulikuwa mbele yake, tarehe yake haijulikani, na nusu ya mafunzo ya mwaka ule yalikuwa hayajafunzwa. Jioni, umeme ukikatika kama ulivyozoea kukatika wakati wa mvua, aliwasha koroboi na kusoma daftari zile zile alizokwisha kuzijua kwa moyo. Mama hakusema neno, lakini nilimwona akizihesabu shilingi zake za majani chai mara mbili kwa siku, kana kwamba zingeongezeka kwa kuhesabiwa.

Basi katika Keroka palikuwa na saiba moja iliyokwisha kufungwa. Wasomaji wa leo yamkini hawazikumbuki saiba katika enzi yake. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya Kenya ilipita kwa setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kusuasua. Mwaka huo nyaya za baharini ziitwazo SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, bei zikaanza kushuka, na hata katika masoko yetu ya mlimani vijana walifungua vyumba vyenye kompyuta sita au saba, ambamo mtu alilipa kwa dakika. Lakini neema iliyozilea saiba ndiyo iliyoziua. Intaneti ile ile iliingia katika simu ya mkononi, na mteja aliyekuwa akipanga foleni akawa na saiba mfukoni mwake.

Mwenye saiba ile nilisoma naye shule ya msingi. Nilipomwendea kuuliza habari ya kompyuta moja kuukuu, alinijibu kuwa kompyuta zote zimekwisha kuuzwa. Kilichobaki kilikuwa gunia moja nyuma ya mlango.

"Chukua, ndugu yangu," akasema. "Muuza vyuma chakavu ananipa bei ya kilo, na plastiki haitaki hata bure."

Ndani ya gunia mlikuwa na ruta sita, swichi mbili za matundu 24, adapta nane, UPS tatu, na mviringo wa waya wa mtandao wa mita 60 hivi. Nilimlipa nauli ya boda boda iliyolichukua gunia, na shukrani.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, si fundi. Kwa hiyo nililipeleka gunia kwa fundi wa redio jirani yetu, mtu wa miaka hamsini na zaidi aliyejifunza kazi yake kwa kuangalia, na ambaye hajapata kumiliki cheti chochote. Alikaa juu ya kigoda, akatoa kila kitu, akakisoma maandishi ya mgongoni kwa kioo cha kukuzia.

"Mwalimu," akaniambia, "usiniulize hiki kinaitwaje. Tuulize kinataka nini na kinatoa nini."

Sijapata kusikia somo la umeme lililo fupi kuliko hilo. Adapta ilitaka volti 240 na kutoa volti 12, ampea moja. Ruta ilitaka volti 12. Feni ndogo iliyokuwa ndani ya swichi, upana wa vidole vitatu tu, ilitaka volti 12. Betri ya UPS ilitoa volti 12. Tulipomaliza kuandika orodha yetu juu ya karatasi, tuliona kuwa vitu vile vilivyotupwa kama maiti wa ajali moja vilikuwa vikisema lugha moja. Si ajabu: mafundi wa dunia walikwisha kukubaliana zamani juu ya volti hizo, na makubaliano yao ni mali ya kila ajuaye kusoma kibandiko.

Ruta tatu zilikuwa zimeuawa na radi. Vilima vya Kisii na Nyamira hupigwa na radi kuliko sehemu nyingi za Kenya, na radi haina haja ya kuigonga nyumba yako. Ikipiga karibu, nguvu yake huingia kwa waya na kuunguza kila kilichoshikamana nao. Fundi alifungua moja akanionyesha doa jeusi penye tundu la waya, dogo kuliko punje ya wimbi. Hizo zilitengwa. UPS moja ilikuwa na betri iliyovimba. Nayo ilitengwa, na habari yake nitaisema baadaye.

Kitu cha kwanza tulichokifanya kilikuwa taa. UPS mojawapo ilikuwa imekufa upande wa kutoa umeme, lakini upande wa kuilisha betri yake ulikuwa mzima. Tuliiacha betri katika kasha lake, tukatoa nyaya mbili nje, tukatia fyuzi, tukaunga kipande cha utepe wa taa za LED kilichonunuliwa Kisii mjini. Hesabu yake ni nyepesi, na mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifanya. Betri ya volti 12 na ampea 7 kwa saa hubeba wati 84 kwa saa. Betri ya namna hiyo haifai kumalizwa. Ukiitumia nusu huishi zaidi. Nusu ya 84 ni 42, na taa ya wati 5 itawaka kwa saa nane na kitu. Hiyo ni hesabu ya betri mpya. Yetu ilikuwa mzee, ikatupa saa nne. Saa nne zilitosha: mtoto alisoma, mama akapika, na moshi wa koroboi ukaondoka machoni mwao.

Lakini taa pasipo kitabu ni nuru juu ya meza tupu, na hapa ndipo nilipotumia usiku mwingi.

Watu huidhani ruta kuwa bomba tu la kupitishia intaneti. Bomba likikosa maji, halina kazi. Kwa hakika ruta ni kompyuta ndogo. Ina akili ya kuhesabu, ina kumbukumbu, na ina redio ya kusema na simu zilizo karibu. Kwa muda mrefu waliojua hivyo walikuwa waundaji wake peke yao. Mambo yaligeuka mwaka 2003, wakati kampuni ya Linksys ilipotoa hadharani maandishi ya programu ya ruta yake iitwayo WRT54G, kwa kuwa ndani yake ilikuwa imetumia programu huria ambazo leseni yake yataka hivyo. Kutokana na maandishi hayo ulizaliwa, mwaka 2004, mradi wa OpenWrt, programu ambayo mtu yeyote aweza kuitia katika ruta nyingi na kuipa kazi aitakayo. Mwaka 2011 mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko New York, David Darts, aliifanya ruta kuwa sanduku la kugawia mafaili pasipo intaneti yoyote, akaliita PirateBox. Mwaka uliofuata Jason Griffey, mkutubi wa Marekani, aliligeuza wazo hilo likawa maktaba, LibraryBox. Mtu husimama karibu na sanduku, simu yake hulitambua, naye husoma vitabu vilivyomo. Hapana bando, hapana mnara, hapana malipo.

Kati ya ruta zetu tatu zilizopona, moja tu ilikuwa na tundu la USB na kumbukumbu ya kutosha. Nilikwenda Nyamira mjini kwa rafiki mwenye intaneti nzuri, nikapakua programu na maelezo yake. Nilijaza flashi moja: mitihani ya miaka iliyopita, maandalio ya masomo niliyopewa na walimu wenzangu wa kemia, baiolojia na historia, na ile Wikipedia iliyochujwa kwa ajili ya shule, yenye makala 6,000 hivi, picha na ramani zake. Kutia programu mpya katika ruta kwahitaji subira ya mvuvi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ruta yaweza kufa moja kwa moja. Kwa hiyo nililishwa umeme na betri ya UPS ya pili usiku ule, mimi na ruta yangu, na mvua ikinyesha juu ya mabati.

Kulipopambazuka, mdogo wangu alishika simu ya mama, akatafuta mtandao, akaona jina la nyumba yetu. Alibonyeza. Ukurasa ukafunguka.

"Kaka, bando umenunua lini?"

"Sikununua."

Alinitazama kama mtu anayetazama mwizi wa jamaa yake mwenyewe. Ilinibidi nizime data ya simu mbele ya macho yake na kufungua ukurasa wa pili, ndipo akasadiki. Kisha akanyamaza, akaingia katika mitihani ya kemia, na chai yake ikapoa.

Habari haikukaa nyumbani. Juma lile lile walikuja watoto wa jirani, kila mmoja na simu ya baba au ya shangazi, wakaketi barazani na chini ya upenu, mbalimbali kama ilivyoagizwa wakati ule, vitambaa usoni. Redio ya ruta ilifika mpaka kwenye mgomba wa mwisho wa shamba letu. Siku moja nilihesabu wanafunzi tisa. Mmoja alikuwa mvulana wa kidato cha pili ambaye shida yake ilikuwa moja: hakuwa amewahi kuona picha ya moyo wa mwanadamu uliopasuliwa, na mchoro wa daftari yake alikuwa ameunakili vibaya ubaoni, mishipa ikiingia mahali pa kutokea. Aliirekebisha pale pale kwa kalamu nyekundu.

Shule zilifunguliwa kwa kidato cha nne tarehe 12 Oktoba 2020, na mtihani ukafanywa mwezi wa Machi na Aprili mwaka 2021. Mdogo wangu alifaulu. Sitasema kuwa ruta ndiyo iliyomfaulisha. Aliyesoma ni yeye. Lakini miezi saba ni mingi katika umri wa msichana, na nyumba nyingine za kilima kile zilirudisha shuleni wasichana wachache kuliko zilivyowapokea.

Mama naye alidai haki yake katika gunia. Alitaka sanduku la kuangulia mayai. Tulilitengeneza kwa mbao na maranda, tukatia balbu ya kutoa joto na feni ya swichi ya kulisambaza, kwa sababu joto lisilosambazwa huchoma yai moja na kuliacha jingine baridi. Kidhibiti joto tulikinunua, hakikutoka guniani. Mayai ya kuku yataka nyuzi 37.5 za joto kwa siku 21, na kugeuzwa mara kadhaa kila siku mpaka siku ya 18. Umeme ulipokatika mama alitia chupa za maji ya moto, kazi ambayo hakuna chombo kilichomfundisha. Kwa mayai 30 alipata vifaranga 19. Alisema kuku wake mwekundu angepata zaidi, na yawezekana ni kweli, lakini kuku mwekundu halalii mayai 30.

Nimeona picha za watu wa ng'ambo waliozigeuza swichi zao kuwa meza za sebuleni, na mbao za ndani, zile za kijani zenye njia nyingi za dhahabu, kuwa saa za ukutani. Sina ugomvi nao, zapendeza. Hata hivyo mapambo hayo ni ya mtu ambaye taa yake yawaka tayari. Katika nyumba yetu kitu kilichoulizwa kwanza kilikuwa haja, na haja ndiyo iliyochagua chombo.

Sasa ile betri iliyovimba. Kijana atakayeisoma insha hii na kukimbilia bisibisi nampenda, kwa hiyo nitamwambia jambo la kutisha. Ndani ya kisanduku cha umeme, kile kinachopokea volti 240 za ukutani, mna kapasita zinazoweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Fundi hafungui kisanduku hicho siku moja na kuchomolewa kwake, na mwanafunzi hana haja ya kukifungua kamwe. Adapta inayotoa volti 12 yatosha. Tena wako wanaochoma nyaya ili wapate shaba. Plastiki ya nyaya hizo ikiungua hutoa moshi wenye asidi na sumu nyingine, na anayeuvuta kwanza ni yule mtoto aliyetumwa kuchochea moto.

Betri za risasi ni mbaya zaidi. Kule Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi kwa miaka. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi hapo na ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza mapambano mpaka kiwanda kikafungwa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufani, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Tangu mwaka 2022 Kenya ina sheria ya taka inayowataka wanaotengeneza na wanaoleta bidhaa kuwajibika nazo hata zikisha kufa, na Nairobi kuna vituo vinavyozipokea. Betri yetu iliyovimba na ruta tatu zilizopigwa radi zilikaa miezi minne katika ndoo yenye kifuniko, mbali na watoto na mvua, hata nilipopata safari ya Nairobi nikaenda nazo. Kondakta wa matatu alinitoza nauli ya mzigo. Nilimlipa.

Mwishowe ulibaki ule waya wa mita 60. Nusu yake ukawa kamba ya kuanikia nguo, haiozi wala haitii kutu. Nusu nyingine aliitaka nyanya, aliyekuwa na kikapu cha kupelekea chinsaga na rinagu sokoni, kilichoanza kukatika mdomoni. Nilimpasulia ganda la nje, nikamtolea nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili: ya machungwa na mwenziwe mweupe, ya kijani, ya buluu, na ya kahawia. Wazulu wa Afrika Kusini wamefuma vikapu vya nyaya za simu kwa miaka mingi, na vikapu hivyo huuzwa mpaka ng'ambo. Nilimwambia, naye akasema hao ni watu wenye akili. Alizikunjua nyuzi kwa kucha, akauliza kwa nini zimesokotwa. Nikamweleza kuwa msokoto huwazuia majirani wasiingiliane maneno. Hilo alilielewa mara moja.

"Na maneno yalipita katika rangi ipi?"

Nikamwambia kweli ilivyo. Katika mtandao wa kasi ya megabiti 100, kama ule wa saiba ya Keroka, kazi hufanywa na jozi mbili tu, ya machungwa na ya kijani, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Jozi ya buluu na ya kahawia zilikaa ndani ya waya miaka yote ile pasipo kupitisha hata neno moja.

Nyanya aliziangalia nyuzi za buluu na za kahawia kwa muda.

"Kumbe hizi bado mpya," akasema, akazitenga kwa ajili ya mpini, mahali penye kubeba uzito.